Ngozi ya Bibi Chini ya Pikapu

Mwezi uliopita, katika gereji moja pale Katesh, fundi alitandika gunia, akajilaza chini ya pikapu yangu na kuligonga tairi la spea kwa spana. "Mama, hili ungelifungia kitu," alisema kutoka kule chini. "Tope la huko ulikopita lina chumvi. Linakula rimu polepole, na siku utakayolihitaji utakuta limeoza." Kisha akalegeza mnyororo, tairi likashuka mavumbini, na harufu yake ikanifikia. Ilikuwa harufu ya mpira uliolowa magadi, kutu, na tope la kijivu linalonuka kama yai. Niliomba kiti. Fundi alidhani ni jua, akanisogezea kiti kivulini na kuniletea maji.

Wenzangu wa rika langu mnaijua miaka ile. Ni miaka ya watu kuhamia vijijini, miaka ambayo sabuni ilikatwa vipande na betri za redio zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kuimba tena jioni. Tairi jipya likifika Mbulu, watu walisimama kulitazama. Mimi nilikuwa nimeanza shule juzi tu, meno ya mbele yameng'oka, na baba yangu alikuwa dereva wa pikapu ya serikali.

Katika ukoo wetu kule Nambis, hakuna mtu aliyewahi kushika usukani kabla yake. Wajomba walilima ngano na maharage kwenye miteremko, walichunga ng'ombe, na walipotaka kwenda mjini walitembea. Baba alipopita barabarani wanawake waliacha jembe wakampungia mkono. Watu walimwita Dereva hata jina lake wakalisahau. Naye alilipenda jina hilo. Alikuwa anatembea ameshika ufunguo mkononi hata akiwa anaenda chooni.

Baba alimwendesha katibu tarafa, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Sisi tulimwita Bwana Katibu. Alivaa kaunda suti iliyopigwa pasi, aliongea kwa upole, na sikumbuki kumsikia akipaza sauti hata mara moja. Ndiyo maana watu wazima walimwogopa. Kazi yao wawili ilikuwa kushuka Yaeda Chini na kupanda tena, kwa sababu kule bondeni vijiji vipya vilikuwa vinapangwa, na Bwana Katibu alitakiwa kuvijaza watu.

Njia ya Yaeda ilipita pembeni ya ziwa la magadi. Kiangazi, tambarare yote inakuwa nyeupe kama unga uliomwagika. Mvua zikinyesha, weupe ule unageuka tope linalonata. Wafugaji hupeleka ng'ombe kuilamba chumvi ile nao hunenepa, lakini kwa gari ilikuwa sumu. Spea ilikaa chini ya bodi, nyuma, ikining'inia kwa mnyororo, na magurudumu yaliirushia tope njia nzima. Dereva aliyemtangulia Baba alifukuzwa kazi kwa sababu hiyo. Siku moja alipasukiwa tairi akiwa na mgeni kutoka mkoani, akaishusha spea, akakuta rimu imeliwa mpaka imetoboka. Baba alipokabidhiwa gari, Bwana Katibu alimwambia kwa sauti yake ile laini, "Injini ni ya fundi. Spea ni ya dereva. Hii ikiharibika, utarudi kwenye jembe."

Nyumbani tulisikia habari za spea kuliko habari za Mungu. Baba alipaka mnyororo grisi. Aliiosha spea kila aliporudi, akamtuma Mama bondeni kuteka ndoo baada ya ndoo. Alijaribu kuifungia gunia. Gunia likanyonya tope na kulishikilia palepale, ikawa mbaya zaidi. Aliomba turubai bohari ya serikali, akaambiwa halipo. Alinunua ngozi mbichi ya ng'ombe, akaifunga vizuri, mbwa wa sokoni wakaitafuna gari likiwa limesimama. "Chumvi inakula," alisema kila jioni, akiwa ameinamia uji wake. "Inakula, inakula." Mimi niliamini chumvi ina meno. Nilipopewa ugali na mboga nilitema mate kwanza, nisije nikatafunwa ulimi.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na ngozi nzuri kuliko zote Nambis. Ilikuwa sketi yake ya usichana. Aliishona mwenyewe alipokuwa ndani na wasichana wenzake, katika mafunzo ambayo kizazi cha mama yangu hakikuyapata tena. Ngozi ile ilikuwa imelainishwa kwa mafuta ya kondoo mpaka ikawa inamwagika mkononi kama kitambaa, na kuanzia kiunoni hadi pindoni ilijaa shanga nyekundu, nyeupe na buluu zilizopangwa kwa mistari na miduara. Aliihifadhi darini, juu ya moshi. Mara mojamoja aliishusha, akaitandaza magotini, akaipaka mafuta, na mimi nikaruhusiwa kupitisha kidole kwenye mistari. Alinionyesha shanga alizozishona siku aliyolia kwa kumkumbuka mama yake; zilikuwa zimekwenda upande kidogo. "Nitazikwa nayo hii," aliniambia. Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza nguo atakayovaa kanisani.

Baba alimwomba. Nilikuwepo. Alianza mbali, akasifu mafuta ya kondoo, akasema maji hayapiti kwenye ngozi ya namna ile. Bibi alikuwa anapepeta mtama.

"Unataka ngozi?" aliuliza. "Chukua za mbuzi, zipo mbili pale."

"Za mbuzi ni ndogo, Ayo. Hazizunguki tairi." Ayo ni mama kwa Kiiraqw, na nyumbani tuliongea Kiiraqw. Kiswahili Bibi alikiita lugha ya magari.

Bibi aliacha kupepeta, akamtazama usoni, kisha akacheka. Alicheka sana, mpaka akashika ubavu. Alidhani mwanawe anamtania.

Baba naye alitabasamu, akatoka nje.

Halafu ikaja zamu yetu ya kuhama. Bwana Katibu alisema dereva wake lazima awe mfano, watu wakimwona Dereva amehamia Yaeda nao hawatakuwa na neno. Bibi alisema hashuki bondeni, kule ni kwa malaria na nzi, na mume wake amelala hapa, nyuma ya zizi. Alisema hivyo kwa muda mrefu. Siku ya kuhama alikuwa bado anasema hivyo, huku vijana wa mgambo wakipanda juu ya nyumba yake na kushusha nguzo, kwa sababu nyumba iliyobaki imesimama ilihesabiwa kuwa nia ya kurudi. Bwana Katibu alisimama barabarani na mikono nyuma. "Pandeni, wananchi," alisema. "Pandeni taratibu, msiumizane."

Bibi alikuwa nje anafukuzana na kuku wake. Baba aliingia ndani ya nyumba iliyokuwa haina paa tena, akapanda darini, akashuka na lile furushi. Nilimfuata. Alilipeleka nyuma ya gari, akalala chini, akatoa kisu.

"Baba, unaiweka wapi?" nilimuuliza.

"Mahali pake," alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nenda kamsaidie bibi yako kuku."

Msinicheke. Mimi nilijua jambo moja tu kuhusu Baba: hakuna kitu alichokitunza duniani kama spea. Aliiosha, aliipaka mafuta, aliiota. Kwa hiyo nilipoona ameifunga sketi ya Bibi pamoja na spea, niliona ameiweka mahali salama kuliko pote, pamoja na kipenzi chake. Moyo wangu ulijaa furaha. Tulipokwisha panda, Bibi akaanza kupapasa mizigo na kuuliza furushi lake liko wapi, nikamnong'oneza sikioni, "Usiwe na wasiwasi. Baba ameliweka pazuri sana." Akanishika shavu. Akaegemea gunia la maharage, akafumba macho, na tukashuka mteremko wote ule wa mawe huku kichwa chake kikitikisika begani kwa Mama.

Mvua zilikuwa zimekatika, lakini ile tambarare ya ziwa ilikuwa bado na tope chini ya ganda jeupe. Tulipokuwa katikati yake, mwiba wa mgunga ukatupata. Gari liliinama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala. Tukashuka wote: sisi, majirani kadhaa waliokuwa wanahama pamoja nasi, na Bwana Katibu kutoka mbele, akiinua ncha za suruali yake. Jua lilikuwa linatuchoma kutoka juu na kutoka chini, maana weupe ule ulirudisha mwanga machoni. Baba alilala chali topeni, akaingia chini ya bodi, akaanza kufungua mnyororo.

Nilimvuta Bibi mkono. "Njoo uone. Furushi lako hili hapa, halijapotea."

Alikuja taratibu, akikinga macho kwa kiganja.

Baba alikuwa ameigeuza ile sketi. Upande laini ulikuwa nje, upande wa shanga ndani, umebanwa kwenye mpira. Pale kiunoni alikuwa amepasua kwa kisu ili kupitisha mnyororo. Alipoikunjua, shanga zilizokuwa zimesagika zilitoka kama mchanga, na zilizokuwa bado nzima zilidondoka moja moja, nyekundu, nyeupe na buluu, zikazama topeni. Upande wa nje ulikuwa umeganda tope jeupe. Spea ilikuwa nzima. Ilikuwa kavu, nyeusi, rimu inang'aa grisi kama siku ilipotoka dukani.

Bwana Katibu aliinama, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Dereva, hii umeitoa wapi?"

"Ngozi ya zamani tu, Bwana," Baba alisema. "Ya nyumbani."

"Umefanya vizuri sana. Wengine wanakaa wanasubiri turubai kutoka Dar es Salaam. Hii ndiyo kujitegemea. Nitaisema wilayani, madereva wote waige."

Majirani walipiga makofi. Jirani mmoja mwanamume aliinyanyua ile sketi kwa ncha za vidole, akaipima kiunoni kwake, akayumba kama msichana anayecheza, watu wakacheka. Walikuwa wametoka kubomolewa nyumba zao asubuhi ile. Nadhani walikuwa wanatafuta cha kuchekea. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, anaokota shanga na kuzifunga kwenye pindo la kanga yake.

Bibi alisimama tu. Nilimwangalia nikisubiri afurahi.

Baba alifunga spea, akashusha jeki. Likabaki lile tairi lililopasuka. Aliliinua, akaliegemeza kwenye goti, na hapo ndipo macho yake yalipokutana na ya mama yake. Mkono wake ulisimama.

"Ayo," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaitengeneza. Nitampa fundi viatu, ataishona."

"Na hilo bovu lifungie, dereva," Bwana Katibu alisema kutoka mlangoni mwa gari. "Litazibwa. Nalo ni mali ya umma."

Nataka mjue kwamba hakulazimishwa kwa fimbo. Hakuna mtu aliyemshikia bunduki. Aliambiwa kwa upole, na jembe lilikuwa likimsubiri Nambis, na nyuma yake watu walikuwa wametoka kumpigia makofi. Aliichukua sketi kwa yule jirani, akaizungushia lile tairi, akalala tena topeni, akaukaza mnyororo. Bibi alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba kivuli chake kilimfunika Baba miguu. Alisubiri mpaka amalize. Alisubiri mpaka atoke chini, asimame, ajifute mikono kwenye suruali.

Kisha Bibi akainamisha kichwa, kama alivyoona watu wakifanya mbele ya wakubwa, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, Bwana."

Neno hilo alilisikia kwangu. Nyumbani hatukulitumia, lilikuwa neno la shule na ofisi, na nilikuwa nikilikariri jikoni kwa sababu mwalimu alituchapa tukilisahau. Bibi hakuwahi kulitamka, maana Nambis nzima hakuwepo aliyemzidi umri. Na mzazi hamwamkii mtoto wake shikamoo. Mtoto yeyote anajua, hata yule aliyeanza shule juzi.

Lakini mimi nilifurahi. Nilidhani ugomvi wa kuhama umekwisha, Bibi ameona tairi lilivyo zima, ameona makofi, na sasa amekubali kwamba mwanawe ni mtu mkubwa.

"Mama, usifanye hivyo," Baba alisema. Naye alikuwa ameingia kwenye Kiswahili bila kujua.

"Shikamoo, Bwana."

Bwana Katibu alicheka kidogo. "Mjibu mwananchi, dereva. Tunachelewa."

Baba aliangalia pembeni, kwenye ule weupe.

"Marahaba," alisema.

Tangu siku hiyo Bibi hakumsemesha Baba kwa Kiiraqw tena. Tulipewa kiwanja Yaeda, tukajengewa kibanda kwenye mstari pamoja na wengine, na kila asubuhi Bibi alijifunga shuka lake, akatoka, akasimama mbele ya mlango wa Baba. Baba akitokeza tu, "Shikamoo, Bwana." Majirani wakisikia, watoto wakisikia. Akiitwa kula, "Ndiyo, Bwana." Akiulizwa kama anaumwa, "Hapana, Bwana." Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache, na yote aliyatumia kwa Baba.

Mwanzoni Baba alimfokea. Baadaye akaanza kuondoka kabla hapajapambazuka vizuri, lakini Bibi aliamka mapema kuliko yeye. Akamleta fundi viatu, sketi ikaoshwa, ikashonwa pale ilipopasuliwa. Ilikuwa imekauka kama ubao, inapasuka ukiikunja, na sehemu za shanga zilikuwa na matundu tu, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Baba aliiweka miguuni pa Bibi. Bibi aliitazama kidogo.

"Ya serikali hiyo," alisema, akaisukuma kwa mguu.

Akaleta wazee wa ukoo kutoka Nambis. Walikuja na kondoo, na pombe ya mtama, wakakaa kuanzia asubuhi. Waliongea kwa zamu, vizuri, kama wanavyojua wao. Wakasema mtoto akimkojolea mama mgongoni mama hakati mgongo. Bibi aliwasikiliza akiwa ametulia kabisa. Walipomaliza alisema, kwa Kiswahili, nao wengi wao hawakukielewa, "Mimi mwananchi tu." Kondoo akarudi alikotoka. Sketi ikarudi chini ya pikapu, kwa sababu mahali pengine pa kuiweka hapakuwepo, na chumvi ilikuwa bado inakula.

Bwana Katibu alitimiza ahadi. Baba alisifiwa wilayani mbele ya madereva wenzake. Walimpa kofia.

Bibi alidhoofika msimu wa kiangazi. Ilikuwa homa, ikamwachia, ikarudi. Mganga wa zahanati, kijana aliyetoka kwao Kagera na aliyetuonea huruma, alisema damu imepungua, apelekwe hospitali Mbulu. Baba alileta gari hadi mlangoni. Bibi alisema, "Hapana, Bwana. Gari ya serikali," na alipojaribu kumbeba alishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, hatukujua nguvu ile ilikuwa imejificha wapi. Mimi alizungumza nami Kiiraqw mpaka mwisho. Alinieleza mambo ya kawaida: jinsi ya kujua boga lililoiva, jirani gani asipewe moto.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, upepo unapuliza vumbi jeupe kutoka ziwani. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kofia mkononi. Aliongea Kiiraqw cha mtoto mdogo, maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia. "Ayo, niite. Niite jina langu tu. Nitukane. Nilaani, lakini niite kwa jina."

Bibi alifumbua macho. Alihangaika kuinua kichwa kutoka kwenye mto, nasi tukadhani anataka maji. Mama alimwekea mkono shingoni kumsaidia. Kumbe alikuwa anataka kukiinamisha.

"Shikamoo, Bwana."

Baba hakuitikia. Tulisubiri wote. Bibi naye alisubiri, akimtazama, na alikuwa bado anamtazama vilevile alipokuwa amekwisha kufa.

Tulimzika hapo bondeni, katika ardhi ngumu ambayo Baba aliichimba peke yake akikataa kupokewa sururu, mbali na mume wake, ndani ya kanga mbili za Mama.

Asubuhi iliyofuata Baba alitoka kwenye mlango wake akasimama. Hakunawa uso, hakuenda kwenye gari. Alisimama tu pale, akiangalia mahali Bibi alipokuwa akisimama, mpaka jua likapanda na majirani wakaacha kupita. Mama alimwangalia kwa muda kutoka jikoni. Kisha akanisukuma mgongoni taratibu. "Nenda kamsalimie baba yako," alisema. "Amebaki peke yake."

Nilikwenda. Nilisimama mbele yake, nikaweka mikono kichwani kama tulivyofundishwa shuleni, na nikalisema vizuri, kwa sauti, lile neno ambalo kila mtu mwenye adabu huwaambia wakubwa.

Baba alinipiga kofi nikaanguka. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, na hakunipiga tena. Damu ilinijaa mdomoni. Nilirudi jikoni nikajibanza nyuma ya mtungi, na pale, kimyakimya, nikaanza kulirudia neno lile herufi kwa herufi, nikitafuta mahali nilipokosea kulitamka.